Mafundo Arobaini na Moja

Jumanne, tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hafifu, mawingu mazito upande wa lango kuu.

Hivyo ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu, kwa sababu mwalimu wetu wa masomo ya jioni alituambia kwamba mtu anayetaka kupima jambo lolote aandike kwanza siku na hali ya hewa. Kwetu sisi tunaofua nguo za hospitali, hali ya hewa si pambo. Siku ya manyunyu kamba za uani hazitumiki, mashine mbili za kukaushia hubeba mzigo wote, na watu huwa wakali kidogo. Kwa hiyo nilijua kuna jambo zito nilipomwona Mama Katibu ameshuka mwenyewe kutoka ghorofa ya pili, suruali ameikunja hadi kwenye miundi, anaruka madimbwi ya sabuni kuja kunitafuta.

Mama Katibu ndiye anayeendesha shughuli zote za ofisi hospitalini. Ni mwanamke mkimya, na miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kumwona akicheka mpaka meno yakaonekana. Alinipeleka kwenye stoo ya sabuni, akafunga mlango, akaweka rundo la fomu juu ya pipa.

Nilizitambua. Mwishoni mwa Februari msimamizi wetu alipelekwa kwenye mafunzo ya uongozi ya siku tano, pamoja na wasimamizi wa jikoni, wa gereji na wa getini. Msimamizi huyo tunamwita King'ora, na mtu akimsikia mara moja haulizi jina hilo limetoka wapi. Sasa miezi mitatu ilikuwa imepita, na hospitali ilitaka kujua kama mafunzo yale yalisaidia kitu. Ndipo tukapewa fomu, sote kumi na wanne wa chumba cha kufulia.

Mama Katibu alinionyesha majibu. Watu kumi na watatu walisema msimamizi wao sasa ni mzuri sana. Kwenye swali la mapungufu ya msimamizi, kumi na mmoja waliandika hapo pia, kwa herufi safi kabisa, "nzuri sana". Aliniuliza fomu zilikusanywa na nani. Nikamwambia zilikusanywa na King'ora mwenyewe, ndani ya kofia yake, na kila moja aliisoma kwanza ndipo akaikunja. Mama Katibu aliangalia dari kwa muda.

Kisha akaeleza haja yake. Alikuwa amesikia kwamba jioni nasoma mambo ya vipimo na majedwali. Alitaka nifanye tathmini ya kweli ya mafunzo yale, ukurasa mmoja, uwe tayari Jumatatu.

"Kundi la pili la mafunzo ni la watu sita, na jina lako limo," alisema. "Mafunzo yakionekana hayana faida, hakuna kundi la pili. Nakuambia mapema usije ukasema hukujua."

Nilimwomba atafute mtu mwingine. Alinijibu kwamba mimi ndiye pekee niliyeacha swali la mapungufu wazi, bila sifa wala uongo, na mtu wa namna hiyo ndiye aliyemtaka. Akashuka kwenye kizingiti, akaanza tena kuruka madimbwi.

Nilibaki nimekaa juu ya pipa. Nina miaka hamsini na mitatu, na hospitali haimpeleki mafunzoni mtu aliyevuka hamsini na tano. Kundi hili likinipita, jingine litakwenda baada ya miaka mitatu. Kwa miaka kumi na tisa nimesukuma matoroli nikijiambia kwamba siku moja nitakisimamia chumba hiki, na nitakisimamia vizuri. Njia pekee ya kufika hapo ilipita kwenye mafunzo yale, na sasa mafunzo yalikuwa yamewekwa kwenye kalamu yangu.

Nyumbani mume wangu, dereva mstaafu, alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema wamenipa kisu nijikate mkono, na mimi jinsi nilivyo nimeuliza kama kina makali ya kutosha. Baadaye alitulia, akanichongea penseli mbili.

Kesho yake nilianza kazi. Mwalimu wa jioni alikuwa ametufundisha kwamba ukitaka kujua kama kitu kimebadilika usiwaulize watu kama wamefurahi, maana watakujibu kwa adabu. Chagua kitu kimoja kinachohesabika, ukihesabu kabla na ukihesabu baada. Nami nilijua mara moja nitahesabu nini. Nitahesabu mafundo.

Mafundo ni desturi ya kazi yetu. Mtu akiona shuka lililochanika, hufunga fundo kwenye pembe yake na kulitupa kwenye kapu la fundi cherehani. Fundi huyo tunamwita Shangazi, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu kwa umri, na ana chumba chake kidogo karibu na tangi la maji ya moto. Yeye hufungua fundo, huandika kwenye kitabu chake tarehe na ukubwa wa mpasuko, kisha hutia kiraka. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Palipo na msimamizi mzuri watu hufanya kazi kwa uangalifu, na panapokuwa na uangalifu mashuka hayachaniki ovyo. Kwa hiyo mafundo yatakuwa yamepungua. Nilikwenda kuchukua kitabu cha Shangazi nikitembea kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

Wakati wa mapumziko nilihesabu. Desemba, Januari na Februari, kabla ya mafunzo: mafundo saba. Machi, Aprili na Mei, baada ya mafunzo: arobaini na moja.

Nilihesabu tena kwa kidole. Kisha nikachukua vibanio vya nguo, nikawa natoa kimoja kwenye kopo hili na kukitia kwenye kopo lile kwa kila fundo. Kopo la pili lilipokuwa limejaa nilijua sikukosea. Msimamizi alikwenda mafunzoni, akarudi, na mashuka yakachanika karibu mara sita zaidi.

Mpiga pasi wetu anaitwa Mrefu, na huingia mlangoni kama anayesalimia wakubwa. Alipita, akaniona uso ulivyonisawajika, akainama kusoma karatasi juu ya bega langu. Alipiga mluzi.

"Dada, andika kumi na moja," alininong'oneza. "Tarakimu ni mbili, umekosea moja tu. Nani atakwenda kufungua viraka ahesabu mafundo?"

Nilimwambia yupo aliye juu anayejua kuhesabu. Akasema huyo hayumo kwenye orodha ya waajiriwa wa hospitali. Tulicheka wote wawili.

Nyuma ya mashine ya pili ya kukaushia kuna nafasi ya mtu mmoja. Pana joto, na kelele ya mashine hufunika sauti. Hapo ndipo ninaposali kila siku saa nne asubuhi, dakika tatu tu, na wenzangu wamezoea. Siku ile nilirudi mara ya pili. Sikuomba tarakimu zibadilike, maana zilikuwa zimeshaandikwa na mkono wa Shangazi. Niliomba nipewe mkono wa kuziandika zilivyo, na kama inawezekana, nisiumie sana. Kisha nikatoka, nikaacha penseli za mume wangu mfukoni, nikaandika kwa wino: kabla saba, baada arobaini na moja.

Ijumaa nilimpelekea Shangazi karatasi athibitishe hesabu. Aliweka sahihi yake, akaniuliza mbona nimevaa sura ya msiba. Nikamweleza yote, pamoja na jina langu lililomo kwenye kundi la pili. Shangazi alisikiliza huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Nilipomaliza, mguu ulisimama.

"Na nani amekuambia yamechanika juzi?" aliuliza.

Alivuta kapu, akatoa shuka la mwisho la mwezi Mei, ambalo lilikuwa bado linasubiri kitambaa kipana cha kiraka. Akalitandaza magotini kwangu na kunionyesha ukingo wa mpasuko. Alisema mpasuko mpya una nyuzi zilizonyooka, nyeupe, kama zimekatwa leo. Mpasuko wa zamani umepita kwenye mashine mara nyingi, nyuzi zake zimechambuka na kuwa za kijivu. Alizichezesha kwa sindano.

"Hili lina ndevu kuliko marehemu baba. Na mengi uliyoyahesabu tangu Machi yana ndevu hivi hivi."

Nilikuwa nikilitazama lile shuka. Mpasuko wake ulikuwa umekata kona kama pembe ya mraba, viganja viwili kutoka kwenye upindo, na kwenye pembe palikuwa na namba ya wodi ya tatu iliyotariziwa kwa uzi wa buluu, ncha yake ikiwa imening'inia.

Shuka lile nililichana mimi.

Ilikuwa zaidi ya miaka miwili nyuma. Lilinasa kwenye ndoano ya toroli langu siku ambayo King'ora alikuwa akimgombeza mwenzetu kwa ajili ya foronya moja, na sauti yake ilifika mpaka chumba cha dawa. "Nani? Nimeuliza nani!" Yule mama alilia mbele ya watu wote. Mimi nilikunja shuka langu mpasuko ukae kwa ndani, nikaliweka katikati ya furushi la wodi ya tatu, nikanyamaza. Tangu hapo kila liliporudi kutoka wodini nililitambua, nikalikunja tena kwa ndani, nikalipeleka tena. Miaka miwili. Na saa nne nilikwenda nyuma ya mashine kusali kwa mikono ile ile.

Halafu asubuhi moja ya mwezi Mei lilikuja mkononi, nikalifunga fundo, nikalitupa kapuni na kuendelea na kazi. Hata sikujiuliza ni kwa nini. Nilikuwa nimejifungia fundo mwenyewe na kulihesabu kama kosa la King'ora.

Shangazi alinipa kiti na kikombe cha maji. Nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema amejua kwa miaka mingi kwamba mashuka yanapita mbali na mlango wake, ila hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Ndipo nikaanza kukumbuka vizuri. King'ora aliporudi mafunzoni alikuja na cheti chenye mhuri wa dhahabu, tai ambayo aliivaa siku mbili, na ubao mweupe aliouchora miduara na mishale ambayo hakuna aliyeielewa, naye mwenyewe akiwemo. Hayo yote yaliisha ndani ya wiki. Lakini lilibaki jambo moja. Aliacha kuuliza nani. Shuka la kwanza lilipochanika mbele yake, lilivutwa na pasi ya Mrefu. Sote tulikaza mabega tukisubiri mlio. King'ora alifungua mdomo, akaufunga, akauliza kwa sauti ya kawaida: "Ilikuwaje?" Mrefu alishtuka hata akasema ukweli, kwamba kuna skrubu imechomoza chini ya pasi. King'ora akaenda kutafuta bisibisi. Wiki ile nzima tulidhani ni mgonjwa. Mrefu alisema huenda madaktari wamembadilisha koo.

Lakini moyo wangu mmoja haukuwa ushahidi. Mwalimu wa jioni angeniuliza, wewe ni mmoja kati ya kumi na wanne, wengine je? Basi mchana ule nilipanda wodini na vibanio vimejaa kwenye mfuko wa aproni. Kila wodi ina daftari la malalamiko, na wauguzi huandika humo shuka lililochanika linapofika kwenye kitanda cha mgonjwa. Muuguzi wa zamu wa wodi ya tatu alidhani nimekuja kuanika kitu. Nilipitia wodi zote nne. Miezi mitatu kabla ya mafunzo, malalamiko ishirini na sita. Miezi mitatu baada, manne.

Nilirudi chini, nikawakuta wenzangu kwenye kamba za uani, maana jua lilikuwa limechomoza. Sikutoa fomu. Nilianza kwa kusema langu, shuka la wodi ya tatu, ndoano ya toroli, miaka miwili. Watu waliacha kuanika. Kisha Mrefu akasema yake yalikuwa sita. Mwingine akasema matatu. Mama mmoja, yule aliyewahi kulia, alijifunika uso kwa foronya ndipo akasema kumi na moja, na hapo uani palilipuka kwa vicheko. Kila mtu alikuwa na mtindo wake wa kukunja kwa ndani, na kila mmoja alijiona ndiye mwizi peke yake. Kwa jumla, pamoja na langu, tulifika thelathini na matatu. Manane tu yaliyobaki ndiyo yaliyochanika baada ya mafunzo.

Jumatatu, tarehe 15 Juni. Jua kali, anga safi, kamba zote zimejaa.

Mama Katibu aliagiza mashine zizimwe na ukurasa usomwe hapo hapo chumbani, mbele ya wote. King'ora alisimama karibu na pasi, mikono nyuma. Nilisoma mstari wa kwanza, saba na arobaini na moja, na nikaona shingo yake ikiinama.

"Kwa hiyo tulimpeleka siku tano akajifunze kuchana mashuka?" aliuliza Mama Katibu.

Nilimwomba anivumilie. Nikasoma kuhusu ndevu za mipasuko, na Shangazi akainua shuka juu ili aone. Nikasoma madaftari ya wodi. Nikafika kwenye mstari ulionikosesha usingizi, nikausoma pia: kwamba shuka la arobaini na moja lilichanwa na kufichwa na mwandishi wa tathmini hii. Mwisho nikasoma kwamba mafundo yameongezeka kwa sababu woga umepungua. Lakini sikuishia hapo, kwa kuwa nisingekuwa mkweli. Niliandika kwamba siwezi kusema siku tano zile zilileta faida. Kilicholeta faida ni swali moja, lililoshikwa na mtu mmoja kwa miezi mitatu bila kuliachia. Miduara na mishale, tai na ubao, sikuona alama yake mahali popote.

Mashine ya kukaushia ilikuwa inapoa, ikitoa mlio wa bati.

King'ora aliinua uso, akauliza taratibu, "Mlikuwa mnaniogopa kiasi hicho?"

Mrefu alikohoa. "Bosi, na urefu wote huu nilikuwa najificha nyuma ya pasi."

King'ora ndiye aliyeanza kucheka, nasi tukafuata. Alipotulia alikiri kwamba mengi ya mafunzo ameyasahau, na mchana wa siku ya tatu alisinzia. Lakini siku ya mwisho mkufunzi aliwaambia kila mtu achague jambo moja tu na aliandike kwenye kiganja. Mke wake aliuona wino ukifutika, na tangu siku ile kila asubuhi hamfungulii mlango mpaka aandike upya. Alifungua mkono. Maji ya sabuni yalikuwa yameufifisha, lakini neno lilisomeka: Ilikuwaje.

Mama Katibu alikishika kile kiganja kama mtu anayesoma kipimo cha maabara. Kisha akacheka, na meno yakaonekana. Yana mwanya mzuri.

Alitoa uamuzi wake akiwa amesimama. Kundi la pili litakwenda, ila kwa siku mbili, si tano. Fomu hazitakusanywa tena na mtu anayesemwa ndani yake. Kila atakayekwenda atachagua jambo moja, ataliahidi kwa sauti mbele ya wale atakaowaongoza, na baada ya miezi mitatu atahesabiwa. Kwa upande wa chumba cha kufulia mwenye kuhesabu atakuwa King'ora, na atapewa vibanio. King'ora aliuliza kama anaweza kuhesabu kila wiki. Mrefu akamwambia aanze kwa kuvua ile kofia.

"Sita hao waanze na wewe," Mama Katibu aliniambia. "Sema sasa, wakiwa wanakusikia."

Sikuwa nimejiandaa. Nilitamani dakika tatu za nyuma ya mashine, lakini watu walikuwa wamenizunguka, na Shangazi alikuwa bado ameshika lile shuka. Nikafumba macho pale pale niliposimama. Nilipoyafumbua nililichukua shuka kwake na kushika pembe yake.

"Ninaahidi mbele ya Mungu," nilisema, "na mbele yenu wenzangu kumi na watatu, na Bosi, na Mama Katibu. Siku nitakayosimamia chumba hiki, nikichana shuka mimi mwenyewe, fundo nitalifunga mnanitazama, na nitawaambia ilikuwaje kabla hamjauliza."